Korosho za Mfuko wa Kushoto

Nimekabidhi kazi. Mwalimu mpya amepokea ufunguo wa kanisa, rimu ya lori tunayoigonga badala ya kengele, nyundo yake, na kanzu nyeupe ambayo mifuko yake inakaribia magoti. Aliigeuzageuza ile kanzu, kisha akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, hii mifuko ulikuwa unabebea nini?" Nikamwambia nilikuwa nabebea watu. Akacheka kidogo, kama vijana wanavyowacheka wazee ambao kichwa kimeanza kuchoka. Basi nimeona niandike, kwa ajili yake na wenzake watakaotumwa huku Newala kuwaombea watu, ili siku wakishonewa kanzu wajue fundi aambiwe nini.

Habari za vyeo nitaziruka, kwa sababu mwalimu wa dini ana cheo kimoja tu na anazeeka nacho. Mshahara nao nitauacha. Haukuwa mrefu wa kutosha kujaza aya.

Nilianza kazi Chiwata, kabla ya vita vya Hitla, chini ya Mwalimu Danieli. Alikuwa Myao mfupi mwenye sauti ndogo na masikio makubwa, na kwa kazi yetu ni heri hivyo kuliko kinyume chake. Mimi ni Mmakua wa Chiungutwa. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni Masasi, nina sala moja ndefu niliyoikariri, na nilikuwa na haraka ya kuitumia. Siku ya kwanza alinipeleka kwa mzee mmoja aliyevimba mguu. Nilisimama mbele ya kitanda chake nikaanza na Adamu. Nilipofika kwa Wana wa Israeli na Bahari ya Shamu mgonjwa alikuwa amelala, nami nikahesabu kuwa ni dalili njema.

Njiani Mwalimu Danieli akaniuliza, "Umemwombea nini?"

"Mguu upone, Mwalimu."

"Na yeye alikuwa anataka nini?"

Sikujua. Akanirudisha. Mzee aliamka akasema mguu ameshauzoea, wameishi pamoja siku nyingi. Anachotaka ni mwanawe aliyekwenda kukata mkonge Lindi alete japo neno. Mwalimu Danieli akaketi chini kwenye mkeka, akamtajia Mungu yule kijana kwa maneno machache, akasema Amina, tukaondoka. Kijana alileta habari baada ya masika. Mguu haukupona, wala hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo ninyi mnaokuja, ketini. Mgonjwa amechoka kutazama watu kutoka chini. Muulizeni anataka nini kabla ya kumwambia Mungu, maana mara nyingi mnachokiona si kinachomuuma. Msimpe Mungu habari za kijiji, anazo. Na msimseme jirani ndani ya sala, eti "Ee Bwana, wako wengine hapa wanaopika pombe Jumapili." Huo ni umbeya uliofumba macho. Mwalimu Danieli alinifundisha pia kwamba ukiomba uani ufumbe jicho moja tu, kwa sababu ya mbuzi.

Lakini alikuwa na sheria moja iliyonikaa kuliko zote. Alisema mwalimu hajiombei mwenyewe. "Mpishi haanzi kula, wageni hawajala," alisema. Nikamuuliza, na wageni wasipokwisha? "Basi atalala na njaa. Wewe umewahi kuona mpishi aliyekufa kwa njaa?" Sikuwahi. Nikaishika sheria hiyo kwa ukaidi wa kwetu Chiungutwa. Nikiugua homa, nilingoja wengine waniombee. Hawakuniombea, kwa sababu kila mmoja aliamini kwamba mwalimu ana njia yake ya mkato.

Vita vilipokwisha nilipandishwa uwandani, Newala. Huku juu kuna kila kitu isipokuwa maji. Wanawake hushuka bondeni alfajiri na mitungi, wakirudi jua limeshakuwa kali, na nusu ya maji wameyanywa wakipanda. Mimi nilifika nikihubiri juu ya maji ya uzima, nikaulizwa yako upande gani.

Watu waliniletea haja zao siku ya Jumamosi, ili Jumapili nizitaje kanisani. Kichwa changu hakikutosha. Niliwahi kumwombea pumziko la milele mtu aliyekuwa ameketi benchi la mbele. Aliitikia Amina pamoja na wengine, lakini hakuonekana tena mpaka Pasaka. Ndipo nikabuni korosho. Kila mwenye haja alikuja na korosho moja mbichi, ganda na vyote, akaniwekea mkononi huku ananiambia shauri lake. Naitia mfuko wa kushoto. Jumapili naishika, nakumbuka, naomba, nahamishia mfuko wa kulia. Hakuna korosho mbili zinazofanana mkononi. Hii imepinda, hii ina kovu, hii ni nyepesi. Nikisahau kabisa nilisema, "Na huyu pia, Bwana, unamjua," na sidhani Mungu alipata taabu. Shauri likiisha, kwa heri au kwa shari, namrudishia mwenyewe korosho yake aikaange au aipande. Ndiyo maana kijijini kwetu kuna mkorosho unaoitwa Jino la Saidi.

Kazi hii ina hatari zake. Korosho ikipasuka mfukoni mafuta ya ganda huunguza, na paja langu lina alama ya mwanamke aliyeomba mke mwenza wake apate safari. Nilimuuliza safari ya wapi. Akasema, "Popote, Mwalimu." Na Jumamosi moja mke wangu, hana habari, alikaanga maombi ya kanisa zima akamkirimia mgeni. Mgeni alisifu sana.

Padre alipokuja kutoka Masasi akazikuta korosho juu ya meza. Alikuwa Mzungu mwenye moyo mwema na pua nyembamba.

"Hizi ni nini, Mwalimu?"

"Wagonjwa, Padre."

"Na hii kubwa?"

"Hiyo ni mvua."

Akasema inaelekea kufanana na ramli. Nikamwambia mpiga ramli hurusha zake chini kisha anasema yeye; mimi zangu nazishika kisha nasikiliza. Akasema atalitafakari. Nadhani bado analitafakari, maana hakulirudia tena.

Jirani yangu Mzee Bakari, ambaye ni Mwislamu na anaswali kuliko wengi wetu, naye alileta korosho kila mvua ilipochelewa. "Wewe omba kwako, mimi naomba kwangu," alisema. "Ikinyesha hatutaulizana ni ya nani." Waliokwenda Nachingwea kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu niliwaombea pia, mfuko ukajaa, mwisho zikaonekana karanga zenyewe ndizo zilizohitaji maombi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mke wangu, Agnesi, ni Mmakonde wa kijiji hicho hicho. Binti yetu wa kwanza ni Esta, kwa hiyo yeye nikamwita Mama Esta na yeye akaniita Baba Esta. Kwa desturi za huku mume ndiye anayehamia kwa mke, nami nikajenga katika uwanja wa mama yake. Mwoaji na mama mkwe, kama mjuavyo, hawatazamani. Hawali pamoja, hawasemezani, hawapeani mkono, na jina la mmoja halipiti kinywani mwa mwenzake. Nikimwona anakuja njiani naingia kwenye mihogo. Akiniona mimi kwanza, mihogo ni yake. Alipo ndani ya nyumba mimi siingii. Hii si chuki, ni heshima, na ni heshima inayochosha miguu. Jina lake sitaliandika hapa pia.

Alikuwa Mkristo, tena hakosi kanisani. Aliketi nyuma, nyuma ya nguzo, upande wa wanawake, amejifunika kanga. Kwa hiyo miaka yote nilihubiri nikiwa nimegeukia wanaume. Wanawake walipeleka malalamiko kwamba Neno linawafikia kwa ubavu. Padre akaniambia mbele ya Mungu hakuna mkwe. Nikasema, "Ndiyo, Padre." Jumapili iliyofuata nikahubiri nikiwatazama wanaume.

Mama Esta alikuwa na mimba ya pili. Ilikuwa kiangazi. Uchungu ulimshika, siku ikapita, na mchana wa siku ya pili mtoto alikuwa bado hajateremka. Mke wa Mzee Bakari, ambaye ndiye mkunga wetu, alitoka nje akanawa mikono kwa maji kidogo yaliyobaki mtungini, akasema bila kunitazama, "Mwalimu, hapa pamenishinda. Tafuteni machela." Hospitali ya misheni iko chini ya uwanda, na lori la Mhindi mwenye duka lilikuwa limekwishapita. Mzee Bakari na wanaume wengine wakaenda kukata miti ya machela. Nikabaki peke yangu uani mbele ya ukuta wa udongo, na nyuma ya ukuta mke wangu alikuwa anakufa.

Kuingia sikuweza. Mama mkwe alikuwa ndani, amempakata kichwa.

Mtasema, si ungeomba? Nami nawauliza: kumwombea mke wangu ni kumwombea mwenzangu au ni kujiombea? Apone kwa ajili yake, au apone nisibaki mimi na Esta na jiko la baridi? Kwa wagonjwa wengine huo mpaka niliuona vizuri. Siku hiyo sikuuona. Nilitaka kwa nguvu mno, na kila nilipofungua kinywa nilimwona mpishi amejifungia jikoni na sufuria. Tena hakuna aliyeniletea korosho yake. Nani ailete? Watu walijua mwalimu ana njia yake ya mkato.

Nikafanya nilichozoea. Niliketi chini, mgongo ukutani, nikatia mkono mfuko wa kushoto. Nikatoa moja, nikamwombea mzee wa kikohozi. Nikatoa nyingine, nikaombea mvua. Nikamwombea kijana mwingine aliyeko mkonge, na mama wa safari, na mwenzake asafiri salama kama ni lazima. Nililiombea jino la Saidi kwa machozi, na sidhani kuna jino jingine lililowahi kuliliwa hivyo. Niliomba kwa sauti, kwa sababu ndani kulikuwa na kilio na mimi niliogopa kukisikia. Zote zikahamia kulia. Mfuko wa kushoto ukawa mtupu, nami nikanyamaza. Sikuwa na neno hata moja. Nasema hivi kwenu mnaofundishwa maneno.

Ndipo nikasikia sauti ya mama mkwe. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimeisikia kwa mbali tu, akiita kuku. Alikuwa upande wa pili wa ukuta ule ule niliouegemea. Alisema kwa Kimakonde, nami naandika kwa Kiswahili kadiri niwezavyo.

"Mungu, mwanangu huyu hapa, unamwona. Mimi sina maneno. Mwenye maneno yuko nje, na amenyamaza, namsikia. Amewaombea watu wote, hata jino la Saidi, sasa amebaki mtupu. Jina lake siwezi kulitaja, wewe unalijua. Ni huyu wa nje. Mwonee huruma huyu wa nje, Mungu. Yeye naye ni mtu."

Nikaitika, "Amina."

Nilisema kwa nguvu. Mwoaji amemjibu mkwewe! Mama Esta aliniambia baadaye kwamba hata yeye aliacha kulia, kwa aibu. Lakini lilikuwa limekwisha kutoka, na nyuma yake yakatoka mengine. Nikasema, "Bwana, nisaidie mimi. Usinichukulie." Ndiyo sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali, na haikuwa na Mwisraeli hata mmoja.

Mtoto alitoka machela haijamalizika kufungwa. Alikuwa wa kiume. Hakulia. Mama mkwe alimfunga kanga yake mwenyewe, mkunga akaniletea nimshike, nikamshika. Mama Esta tulimbeba akiwa na pumzi, wanaume wakipokezana mabega kwenye mteremko wote, na Mzee Bakari akitukana mawe kwa niaba yangu. Baada ya majuma kadhaa alirudi kwa miguu yake, amekonda, akauliza kwa nini sikufagia uwanja.

Nililia mbele za watu siku tuliyomzika mtoto, na sioni haya kuandika. Msiniulize kama sala ilijibiwa. Mwalimu Danieli angeuliza tu nilikuwa nataka nini. Nilitaka wote wawili. Nikapewa mmoja, namshukuru Mungu kwa huyo kila asubuhi, na kwa yule mwingine bado nina neno naye. Nadhani analitarajia.

Kosa la kumjibu mkwe halikupita bure. Nilimpa Mama Esta kuku jike apeleke kwa mama yake kuomba radhi. Kabla hajarudi, dada yake alifika na jogoo, kwa sababu mama mkwe naye aliona ndiye aliyeanza kunisema nikiwa nasikia. Mimi na yeye tukaendelea kuingia kwenye mihogo kama kawaida.

Ila Jumamosi ya kwanza baada ya kupona, Mama Esta alinijia barazani akaniwekea korosho mkononi. Ilikuwa nene, nyeusi upande mmoja.

"Hii ya nani?" nikauliza.

"Imetoka kwa Mama."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Amesema ni ya wa nje."

"Shauri gani, Mama Esta?"

"Hakutaja shauri, Baba Esta. Amesema mtu asiyeombewa hukauka, na kama mwenyewe haoni njaa, basi yeye ameiona. Wewe itie mfukoni."

Mpishi akiambiwa na mgeni "kaa ule," hukaa. Nikaitia. Tangu siku hiyo kila Jumapili nilipoishika ile korosho nilijitaja mimi, mwanzoni kwa kujikuna shingo, baadaye kama ninavyomtaja mtu yeyote mwenye shida. Sikuomba makubwa. Niliomba subira kwa wanawake waliolalamika, na magoti. Nami niligundua kwamba nikiomba mimi mwenyewe ninyooshwe, nawataja wengine kwa upole zaidi, maana najua sote tumo mfuko mmoja. Mwalimu Danieli alikuwa amekwishafariki, kwa hiyo sikumwambia. Pengine naye alikuwa na korosho yake mahali.

Mama mkwe alifariki mwaka huu, masika yakielekea kwisha. Padre alikuwa Masasi na barabara ya kupanda uwanda ilikuwa imekatika kwa mvua, ile ile tuliyoiomba. Mazishi yakawa yangu. Shida ni kwamba sala ya kaburini inataka jina, na kufa hakuondoi ukwe. Watu wakatazamana. Mzee Bakari, ambaye siku hizi anatembelea fimbo, akasogea akasema atalitaja yeye, na kwamba haamini Mungu atauliza dhehebu la sauti. Nilipofika kwenye jina nikanyamaza, Mzee Bakari akalitaja kwa sauti ya mwadhini, nami nikaendelea.

Watu walipoanza kutawanyika nikaketi chini kando ya kaburi. Sijawahi kuwa karibu naye hivyo. Nikasema, "Bwana, mkumbuke huyu wa ndani. Anayesema ni wa nje." Halafu nikatia mkono mfukoni nikaitoa ile korosho, kwa kuwa sheria yangu ni kwamba shauri likiisha inarudi kwa mwenyewe. Nilitaka kuipanda pale kwenye udongo mbichi. Nikaishika kwa muda. Nikaona shauri halijaisha. Mimi bado ni yule yule, magoti ni yale yale, na aliyekuwa ananiombea ndiye huyo nimemfukia. Nikairudisha mfukoni.

Sasa wanasema bendera itabadilishwa, na Padre ajaye huenda akawa mtu wa kwetu. Mama Esta ameuliza kama sasa nitafagia uwanja. Nitafagia.

Mwalimu mpya, uliniuliza mifuko ni ya nini, nami nimekujibu kwa urefu kuliko nilivyomwombea yule mzee wa Chiwata; natumaini hukulala. Sasa chukua ile kanzu. Tia mkono mfuko wa kushoto, chini kabisa, kwenye pembe. Iko korosho moja humo, nene, nyeusi upande mmoja. Usiikaange. Ni mimi.